Udongo wa Koko Virginie

Kila asubuhi Koko Virginie alipita katikati ya migomba yetu akishuka ziwani. Alipofika mahali ambapo hapakuwa na nyumba wala mtu, alisema kwa sauti ya mtu anayepita mbele ya mlango wa jirani: "Mumelala muzuri?" Alingoja kidogo, kisha akaendelea kushuka.

Nilipoolewa Cishenyi nilikuwa na miaka kumi na minane, na nilidhani akili zimeanza kumtoka. Nilimwuliza Francine, jirani yangu, ambaye alikuwa ameolewa pale mwaka mmoja kabla yangu, "Koko anasalimia nani kule?" Francine alikuwa anamenya mihogo. Hakuinua macho.

"Wewe zaa kwanza," akasema. "Njo utauliza."

Cishenyi ni kilima kidogo kinachoingiza pua ziwani, mwendo wa saa moja na nusu kwa mguu kutoka Bukavu. Mume wangu Murhula alikuwa na kipande chake pale: migomba, mihogo, na kibanda cha kuanikia sambaza, dagaa wa ziwa letu. Babu yake alimpa chifu ng'ombe mbele ya mashahidi ili apate ardhi ile. Kwetu mapatano hayo yanaitwa kalinzi, na ng'ombe yule ndiye aliyekuwa karatasi yetu. Hakuna mtu aliyewahi kutudai karatasi nyingine.

Koko Virginie hakuwa bibi wa mtu yeyote kwa damu, lakini kilima kizima kilimwita Koko kwa sababu ndiye aliyetupokea wote duniani. Alikuwa mkunga. Mumewe, mvuvi wa sambaza, alikufa kwa homa wakiwa bado vijana, na msalaba wake ulikuwa upande wa juu wa kilima, kando ya njia, wa saruji, umepakwa chokaa kila Noeli. Koko alikuwa mfupi, mikono mikubwa, mdomo mkali. Shemeji yangu Xavier, mdogo wa mume wangu, alimwogopa yeye peke yake. Siku moja Xavier alimpigia kelele kwa ajili ya mbuzi aliyeingia katika maharage yake. Koko akasimama, akamtazama kutoka miguuni hadi kichwani.

"Xavier, usinipandishie sauti. Ulitoka mu tumbo ya mama yako matako mbele, na mpaka leo haujageuka."

Watu walicheka wiki nzima. Xavier hakucheka, na naamini hakusahau.

Lakini Koko alikuwa na kazi nyingine, na hiyo haikuchekesha. Kwetu mtoto akifa kabla ya kupewa jina, baba yake hamgusi, padri haitwi, na mama halii kwa sauti. Mama anageuzwa uso ukutani. Mkunga anamfunga mtoto, anatoka naye peke yake, na anamzika katika migomba mahali anapopajua yeye tu. Hakuna msalaba wala jiwe. Mama haambiwi mahali, ili asirudi pale kila siku na tumbo lake likajifunga kwa huzuni. Na baada ya siku hiyo hakuna anayemtaja. Ukimtaja, wanasema, unamwita, na yeye hawezi kuja peke yake. Atakuja na mtoto mwingine wa kilima mkononi.

Mimi nilizaa mwaka wa pili wa ndoa. Sikusikia sauti. Nilimwona Koko akichana kikwembe changu cha kijani, kile kitenge cha harusi, kisha akanishika bega na kunigeuza. Nilisikia mlango. Mpaka leo sijui kama alikuwa msichana au mvulana. Koko aliporudi, mikono ilikuwa imeoshwa na yeye akaanza kuwasha moto, akasema, "Utakunywa uji."

Sikupata mimba nyingine. Murhula alivumilia miaka sita, kisha akaenda Luhwindja kuchimba dhahabu. Alisema ni msimu mmoja. Huko alioa mwanamke mwingine, akazaa naye wanne, na hakurudi hata kuniambia usoni. Nilibaki katika nyumba yake miaka ishirini na minne, nikilima migomba yake na kukausha sambaza. Xavier alinipita kila siku akiniangalia jinsi mtu anavyoangalia jembe la marehemu.

Na mimi tangu siku ile ya uji nilielewa Koko anasalimia nani. Nilikuwa nikiamka mapema, nasimama nyuma ya mlango, nasikiliza. "Mumelala muzuri?" Nilikuwa nakitegea sikio kimya kile kinachofuata. Siwezi kusema nilisikia kitu. Siwezi kusema sikusikia.

Miaka mitatu iliyopita watu wa Leta, yaani serikali, walikuja na hema. Shefu wa kijiji alitangaza kwamba serikali ina mpango mkubwa wa kukuza utalii nchini, na kwamba pua yetu ya kilima imechaguliwa. Aliyekuja kueleza alikuwa kijana mmoja wa Bukavu anayeitwa Placide, shati limepigwa pasi, adabu nyingi. Ningependa kusema alikuwa mtu mbaya. Hakuwa. Alieleza neno lao, utalii endelevu, mara tatu mpaka wazee wakaelewa. Watalii wangekuja kuona ziwa, wangevuka kwenda kisiwa cha Idjwi, wangepanda kuona sokwe wa Kahuzi, na wangelala kwetu katika nyumba za mbao na majani. Mitambo mikubwa haitaingia, kwa sababu inaharibu udongo. Taka hazitatupwa ziwani. Miti ya asili itapandwa. Wenyeji watapewa kazi kwanza.

"Turisme ya zamani ilikuwa ya kuchuma," akasema. "Hii ni ya kuchunga."

Francine akainuka. "Papa Placide, hao batalii bakifika hapa batakula nini? Sura yetu?"

"Watakula sambaza zenu, maman."

"Basi bakuje na meno. Sambaza ya kwetu inakuwaka na michanga."

Tukacheka wote, Placide pia. Kisha akasoma jambo la makaburi. Mpango ulisema hakuna mtu atakayetenganishwa na wafu wake. Wengine watalipwa na kuhama, lakini mwenye kaburi pale kilimani ataulizwa kabla ya kitu chochote kufanywa. Kaburi litazungushiwa ua na kupandwa maua, na mwenye kaburi atapewa kiwanja sehemu ya juu ya kilima hicho hicho, ili awe karibu. Watu walipiga makofi. Wakapanga meza, tukapita mmoja mmoja.

Zamu yangu ilipofika Xavier alikuwa amesimama kando ya meza, mikono nyuma kama mwenye nyumba.

"Na wewe, maman," Placide akaniuliza, "uko na kaburi hapa kilimani?"

Koko Virginie alikuwa amekaa mstari wa pili. Nilimtazama. Alikuwa anatazama miguu yake. Nyuma yangu kulikuwa na wanawake wengi wa kilima, na nilijua wangapi kati yao waligeuzwa uso ukutani. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amefungua mdomo. Francine alikuwa amepita mbele yangu na kusema hapana.

"Hapana," nikasema.

"Huyu hana mutu hapa," Xavier akadakia. "Bwana yake iko Luhwindja na bibi mwingine. Mutoto hakuacha, kaburi hana. Nyumba ni ya kaka yangu, andika jina yangu."

Placide akaandika. Yalihesabiwa makaburi kumi na moja, yote yana misalaba. Angejuaje mengine? Mpango wake ulitungwa na watu ambao kwao kila anayekufa anapewa jina kwanza. Kosa lilikuwa langu, nililifanya kwa mdomo wangu mwenyewe, mchana, mbele ya watu. Nilinyamaza kama nilivyofundishwa, na kimya kile kilinitoa katika kilima.

Nilihamia Kadutu, mtaa wa Bukavu, chumba kimoja juu ya ngazi za udongo, nikawa nauza sambaza sokoni. Francine naye alikuja. Alipata meza ya mboga za lengalenga karibu na yangu. Kazi kule Cishenyi ilianza mwisho wa kiangazi. Kwa kuwa mitambo imekatazwa, walichimba kwa mikono, wanaume ishirini na sepeteo, wakianzia ufukweni na kupanda ngazi kwa ngazi. Walikuwa wanang'oa migomba ili wapande miti ya asili. Niliacha meza yangu kwa Francine na kwenda kusimama pale. Niliangalia kila sepeteo ikiingia na kila sepeteo ikitoka. Mwanaume mmoja akainama, akaokota kitu cheupe, chembamba. Nikamkimbilia. Ulikuwa mzizi. Akautupa.

Nilipanda moja kwa moja kwa Koko. Yeye alikuwa amepewa kiwanja cha juu, kwa sababu ya msalaba wa mume wake.

"Koko, nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini?"

"Unajua."

"Mapendo, mambo ile haisemwe."

"Banachimba, Koko. Bamefika kwenye kibanda yangu ya sambaza. Bakimufukua na sepeteo, batamutupa kama mzizi."

Akakoroga sombe yake ya majani ya mihogo. Siku ya pili nilirudi, akajifanya amelala. Siku ya tatu nilikaa mlangoni pake tangu asubuhi, na sikulia, kwa sababu kulia ndiko kulikokatazwa. Nilimwambia tu, "Murhula alichukua maisha yangu. Xavier alichukua nyumba. Wewe ulichukua mutoto, na ni wewe peke yako unaweza kurudisha."

Alinyanyuka akishika ukuta. Tulishuka wakati wachimbaji wanakula. Alitembea bila kusitasita mpaka kwenye kisiki cha mgomba, kando ya jiwe lililopasuka vipande viwili. Akaonyesha kwa kidole cha mguu.

"Hapo."

Nilichimba kwa mikono. Sikupata mfupa, miaka ilikuwa mingi. Udongo ulikuwa mweusi na laini. Nilijaza beseni, nikalifunika kwa kikwembe. Katikati ya udongo niliona shanga moja ya buluu, ndogo kama punje ya mtama. Sikukumbuka shanga yoyote. Nilidhani Koko alimwekea mtoto wangu zawadi, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilimpenda mtu. Nilibeba beseni kichwani mpaka Kadutu, nikaliweka chini ya kitanda. Shanga nikaitia uzi na kuivaa shingoni.

Miezi sita hivi nililala vizuri. Asubuhi nilikuwa nainama na kusema, "Umelala muzuri?" Sikuwa na aibu. Chumba kilikuwa changu.

Siku moja sokoni jua lilikuwa kali, nikafungua kitambaa cha shingo. Francine alikuwa anafunga mafungu ya lengalenga. Mikono yake ikasimama.

"Hiyo shanga umeitoa wapi?"

Nikaifunika kwa kiganja. Akafungua fundo la kikwembe chake, mahali anapoweka vitu vyake. Ndani kulikuwa na shanga ya buluu, ndogo kama punje ya mtama.

"Kisiki," nikasema.

"Jiwe ya kupasuka," akasema.

Tuliacha meza zote mbili bila mtu. Njia nzima ya kwenda Cishenyi hatukuzungumza, na Francine ninayemjua mimi anazungumza hata akinywa maji.

Koko alikuwa uani anaota jua. Francine alimwekea shanga zote mbili kwenye kiganja. Koko alizitazama sana. Kisha akazifunga mkononi.

"Zilikuwa saba," akasema. "Nilimufunga mu mukono."

"Nani, Koko?"

"Wa kwangu."

Hapo ndipo tulipojua kwamba naye aligeuzwa uso ukutani. Alikuwa na miaka kumi na saba. Mkunga wa wakati ule alikuwa mama mkwe wake, na Koko alimfuata kwa siri, akaona mahali. Aliporudi usiku wa pili alifukua kidogo kwa vidole na kumfunga mkononi shanga za kiunoni mwake mwenyewe. Alipokuwa mkunga mwenyewe, alijua ameshavunja mwiko, na ndiyo sababu, alisema, hakuzaa tena.

"Na wetu?" nikauliza. "Wetu uliweka wapi?"

"Sijue."

"Koko!"

"Sijue, mwanangu. Nilisahau makusudi. Njo kazi yenyewe. Nilikuwa nazunguka mara tatu, nafunga macho, nachimba pale mguu inasimama. Mukunga akikumbuka wote, ataishi namna gani? Nilikuwa nawasalimia wote pamoja, sababu sikujua nani iko wapi."

Francine akakaa chini. Mimi nilibaki nimesimama.

"Kwa nini ulitudanganya?"

"Ulikaa kwa mulango yangu," Koko akasema. "Francine naye alikaa. Nilikuwa na moja tu. Nikawapa ile niko nayo."

Kisha akafungua kiganja, akaturudishia shanga, kila mmoja yake, na kuomba jambo moja. Pale kwenye kisiki sasa kumejengwa baraza la kulia chakula, la mbao, linatazama ziwa. Wachimbaji walikwisha pita, chini hakuna kilichobaki. Mtoto wake wote yuko katika mabeseni mawili huko Kadutu. Akifa, alisema, tumletee udongo ule, uwekwe kifuani pake, hapo juu, karibu na msalaba. Asilale peke yake mara ya pili.

"Tutaleta, Koko," Francine akasema. Alileta Jumapili iliyofuata, beseni zima na shanga yake juu. Hata hakungoja kifo.

Mimi nilisema nitaleta.

Baadaye nilipata kazi Cishenyi. Mpango ulitaka wanawake wa kilima wafanye usafi, na Placide, ambaye alinikumbuka, aliliweka jina langu. Alidhani ananitendea wema, na pengine alinitendea. Mnyapara alinipa fagio na baraza. Watu wa Kadutu walisema nimejiuza kwa waliotufukuza. Sikuwaeleza. Mlangoni kuna ubao umeandikwa Kifaransa. Herufi nilijifunza parokiani nikiwa mtu mzima, lakini za Kiswahili tu, kwa hiyo Placide alinisomea. Unasema mahali hapa palikuwa shamba tupu, na sasa wageni na wenyeji wanatunza uhai wake pamoja.

"Ni muzuri, maman?" akaniuliza.

"Ni muzuri," nikasema. Ilikuwa mara ya pili kumjibu uongo.

Kila nilipomaliza kufagia nilipanda kumwona Koko. Alikuwa hatoki tena kitandani. Mara ya kwanza aliniuliza, "Umeleta?" Nilisema mvua imenizuia. Mara ya pili nilisema mlango wa chumba uliharibika, sikuweza kufungua. Alicheka kidogo kwa pua, yeye ambaye alijua uongo wa watu wote wa kilima tangu wakiwa matumboni. Mara ya mwisho alikuwa mwembamba sana, na mikono ile mikubwa ilikuwa juu ya blanketi kama ya mtu mwingine. Beseni la Francine lilikuwa chini kando yake.

"Mapendo. Umeleta?"

"Kesho, Koko."

"Nusu yake tu iko hapa," akasema. "Nusu haiwezi kulala."

Nilijua njia. Nilijua ni beseni tu, udongo tu, na kwamba si wangu. Nilijua aliyenipa alinipa kwa huruma. Lakini Xavier alisema mbele ya serikali kwamba sina mtu, na serikali iliandika, na mtu pekee niliyenaye duniani ni yule aliye chini ya kitanda changu. Nilimwuguza Koko siku nyingi kwa maneno tu. Kesho yake sikuenda Cishenyi, nilienda sokoni.

Koko alikufa Alhamisi, wiki mbili kabla vita tulivyovisikia redioni havijafika Bukavu. Francine alimwekea udongo wake kifuani. Aliponitazama ng'ambo ya kaburi, niliangalia ziwa.

Tangu vita vifike, watalii hawaji. Nyumba za mbao zimefungwa, miti ya asili imefika magotini, na barazani viti viko kama vilivyoachwa, vikitazama maji. Hakuna aliyeniambia niache, kwa hiyo kila asubuhi natoka Kadutu nakuja kufagia. Nikifika mahali kisiki kilipokuwa, nasema, "Mumelala muzuri?", kwa sababu wangu yuko mahali fulani kule chini na sijui ni wapi, na sasa hakuna mwingine wa kuwasalimia. Nangoja kidogo.

Siku nyingi ni maji tu. Lakini kuna siku napata jibu, na si sauti ya mtoto. Ni ya mwanamke mzee, inatoka juu ya kilima, karibu na msalaba, haina hasira. "Umeleta?"

Shanga ninayo shingoni. Nasema kesho, Koko, na naendelea kufagia.